Namna ya Kufundisha Julius Caesar Kidato cha Tano kwa Kuanzia Kwenye Mazishi

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa Kiingereza aliyekabidhiwa darasa la wanafunzi hamsini hivi na nakala saba za tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caesar, na ambaye anataka wanafunzi wake wayasome maneno yenyewe badala ya kukariri muhtasari. Miaka yangu miwili ya mwanzo niliifundisha vibaya. Nilitumia majuma matatu kueleza historia ya Roma, nikaorodhesha dhamira ubaoni, wanafunzi wakanakili, na siku niliyowauliza kama Brutus alitenda haki, walinisomea notisi zangu mwenyewe. Tangu hapo nimebadili mpangilio, na huo ndio ninaoueleza hapa.

Hatua ya kwanza: Fungua Tendo la Tatu, Onyesho la Pili

Usianze mwanzo. Anza pale ambapo Caesar amekwisha kuuawa, maiti inaletwa uwanjani, na watu wawili wanahutubia umati mmoja, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya kusoma, waambie wanafunzi mambo matatu tu: Caesar alikuwa mtawala, Brutus ni rafiki yake aliyeshiriki kumuua, na Antony ni rafiki yake ambaye hakushiriki. Mengine yatakuja yenyewe.

Matini ya Shakespeare haina hakimiliki na inapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo durufu onyesho hili pekee, karatasi moja kwa wanafunzi watatu, na uhakikishe mistari ina namba. Bila namba za mistari, hatua ya tatu haitawezekana.

Hatua ya pili: Isomwe kwa sauti, bila kusimama

Chagua wasomaji siku moja kabla, wakafanye mazoezi jioni. Hotuba ya Brutus mpe mwanafunzi mmoja mwenye sauti tulivu. Ya Antony igawe kwa watatu, maana ni ndefu na inabadilika njiani. Usikatize usomaji kueleza msamiati. Mwanafunzi anaweza kukosa neno moja katika kila mistari mitatu na bado akasikia kwamba Brutus anajenga hoja na Antony anachochea. Usomaji ukiisha, uliza swali moja tu: je, watu hawa wawili wanazungumza kwa namna moja? Daima yupo atakayesema kwamba wa kwanza anaongea na wa pili ni kama anaghani. Hapo ndipo unapowaeleza kwamba Brutus amepewa nathari na Antony amepewa ushairi.

Hatua ya tatu: Umati utembee

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ihifadhie vipindi viwili mfululizo. Sogezeni madawati ukutani. Msomaji wa Brutus asimame upande mmoja, wa Antony upande wa pili, na darasa zima liwe wananchi wa Roma katikati. Soma upya, safari hii kwa sharti kwamba kila mwanafunzi, mara anapohisi kuvutwa na neno, apige hatua kumwelekea msemaji, na kiranja aandike namba ya mstari ambapo watu wengi wamesogea.

Wakati wa hotuba ya Brutus, wasimamishe pale mwananchi mmoja anapopaza sauti akitaka Brutus awe Caesar. Waulize: mtu aliyeua ili pasiwe na mfalme, anashangiliwaje kwa kutakiwa awe kama yule aliyemuua? Wape muda wa kutosha, kwa sababu jibu lake, kwamba umati umemkubali msemaji bila kuielewa hoja yake, ni kiini cha onyesho zima, na ni bora walifikie wao.

Kwa hotuba ya Antony mimi huleta shuka kuukuu niliyoitoboa matundu. Antony analionyesha vazi la Caesar na kutaja kila tundu na mwenye jambia lake: hapa Cassius, hapa Casca, hapa Brutus aliyependwa. Wakati huo wanafunzi hujazana mbele, wengine wakinyoosha mikono kuigusa shuka. Waache. Kisha waombe wafungue, katika zile nakala saba za kitabu, ukurasa wa onyesho lililotangulia, pale Trebonius anapomtoa Antony kando kabla ya mauaji. Antony hakuwapo. Amejuaje tundu lipi ni la nani? Katika darasa langu la mwaka jana palikuwa kimya kwa muda mrefu, kisha msichana mmoja akarudi nyuma hatua tatu, hadi mahali alipokuwa amesimama mwanzo, bila kuambiwa na mtu.

Hatua ya nne: Neno moja, lugha mbili

Antony analirudia neno "honourable" tena na tena. Wapeni wanafunzi kalamu walipigie mstari kila linapotokea, kisha wasome sentensi hizo tu, mfululizo, na kusikiliza jinsi sifa inavyogeuka kuwa shutuma ilhali neno halijabadilika hata herufi.

Sasa waulize wangelifasirije kwa Kiswahili. Watatoa majibu matatu. "Mtu wa heshima" ni sahihi lakini limepoa. "Muungwana" lina uzito wa kale wa pwani, wa mtu huru asiyevunja ahadi. La tatu ni "mheshimiwa", na likitamkwa tu darasa huchangamka, kwa kuwa ndivyo tunavyowaita wabunge: ni cheo ambacho mtu hupewa hata kabla hatujajua kama anakistahili. Hapo wameelewa kejeli ya Antony kuliko nilivyowahi kuieleza kwa saa nzima. Fanyeni vivyo hivyo kwa "ambitious": je, ni mwenye ari, mwenye tamaa, au mwenye uchu wa madaraka? Atakayechagua "ari" amekwisha kumtetea Caesar.

Ndipo ulete tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyochapishwa mwaka 1963 akiwa Rais, na ambayo baadaye aliirekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Hiyo ina hakimiliki, kwa hiyo tumia nakala ya maktaba na uisome kwa sauti. Wanafunzi walinganishe uamuzi wake na wao, na wawe huru kumpinga kwa sababu. Ninasisitiza mpangilio huu: tafsiri ikitangulia, wanafunzi huacha Kiingereza, ikija baada ya wao kuhangaika na neno, hurudi kwenye Kiingereza kwa macho makali zaidi.

Hatua ya tano: Mizani

Wanafunzi wetu wanajua kuhesabu mizani, na hiyo ni hazina. Wahesabu "Friends, Romans, countrymen, lend me your ears" watapata kumi, na wataona kwamba maneno matatu ya kwanza yanakua: mizani moja, mbili, tatu. Waeleze kwamba Kiingereza hakitosheki na idadi, kinataka pia mkazo, na mkazo huo haukai silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu. Wapige meza kwenye silabi zenye mkazo. Mstari wa kumzika Caesar, "I come to bury Caesar, not to praise him", utawapa kumi na moja. Waambie si kosa, ziada hiyo mwishoni inaruhusiwa. Dakika ishirini zinatosha.

Hatua ya sita: Rudini mwanzo

Sasa someni Tendo la Kwanza na la Pili, ambayo yatakwenda haraka kwa sababu wanafunzi wanamsubiri Brutus wanayemjua. Historia nayo ina mahali hapa: mauaji ya tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, na habari zilizoandikwa na Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, ambazo Shakespeare alizisoma katika tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579. Matendo mawili ya mwisho husomwa kwa dondoo.

Onyesho fupi la Cinna mshairi, anayeuawa na umati kwa kufanana jina na mmoja wa wauaji, liweke mwisho kabisa. Lisomwe madawati yakiwa yamerudi mahali pake. Kisha rudisha ile karatasi ya kiranja, na kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza: alisogea kwenye mstari gani, neno gani lilimvuta, na sasa analionaje. Unaposahihisha, usianze na sarufi. Weka alama kwanza pale alipotaja neno halisi la matini na kulifanyia kazi.