Jinsi ya Kupanga Matembezi ya Ujiji Wakati wa Kiangazi

Chagueni siku kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika, na muondoke Kigoma mjini kwa daladala mapema kwenda Ujiji, mji wa kale kando ya Ziwa Tanganyika, kabla jua halijawa kali. Anzieni kwenye makumbusho, mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley alikutana na mmisionari Livingstone mwaka 1871, lakini mwombeni mwongozaji awasimulie zaidi habari za misafara ya pembe za ndovu na watumwa waliopelekwa pwani, kwa kuwa, kwa maoni yangu, historia hiyo ina uzito kuliko salamu za wageni wawili.

Kisha teremkeni ufukweni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo epukeni siku za mwezi mpevu mkitaka kuwaona wakianikwa. Mkikuta ngoma ya harusi mtaani, ombeni ruhusa kwa wenyeji kabla ya kupiga picha.