Kuzalisha farasi wa mizigo wa Kifaransa mchezoni: jinsi ya kumpata Comtois mwenye singa nyeupe

Mpwa wangu alinitumia picha ya skrini saa tano usiku. "Mjomba, baba ana mkia mweupe, mama ana mkia mweupe, mtoto katoka mwekundu tupu kama tofali. Mchezo umeharibika?"

Haujaharibika. Nami niliwahi kuusingizia hivyohivyo, na ilinichukua wiki tatu na watoto kumi na mmoja kugundua kwamba mwenye kosa ni mimi. Haya ndiyo niliyomwelekeza, na nimeyapanga ili nisirudie kuyaandika kila anapouliza mtu. Mchezo ninaoucheza unafuata jeni halisi za farasi: kila farasi ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, na unaweza kulipia vipimo. Kama wako hugawa rangi kwa bahati nasibu tu, ruka hatua ya 5.

Kufungua akaunti, kujenga banda na kulisha sielezi. Hayo utayajua ndani ya dakika kumi.

Hatua ya 1: Chagua aina moja

Ufaransa ina aina tisa za farasi wa mizigo: Ardennais, Auxois, Boulonnais, Breton, Cob Normand, Comtois, Percheron, Poitevin na Trait du Nord. Wanaoanza karibu wote hukimbilia Percheron kwa sababu ndilo jina walilowahi kulisikia. Mimi nakushauri uanze na Comtois, farasi wa milima ya Jura, mpakani na Uswisi. Si mkubwa kama Percheron, lakini rangi yake unaiona kwa macho, kwa hiyo unajifunza haraka. Percheron wengi na Boulonnais karibu wote ni wa kijivu, na kijivu ni kama shuka: hujui kilichofunikwa chini yake mpaka kikuzukie kwa mtoto. Poitevin nampenda, ila kazi yake ya asili ilikuwa kuzaa nyumbu kwa punda wa Baudet du Poitou, na mchezo wetu hauna punda.

Usichanganye aina. Mchanganyiko hupendeza siku ya kwanza, kisha huna pa kumwandikisha.

Hatua ya 2: Fungua jedwali lako mwenyewe

Ukurasa wa ukoo uliomo mchezoni hautoshi. Unaonyesha majina na picha, wala haukuonyeshi nani alipimwa nini. Zile programu za kukokotoa rangi nazo sizipendi hata kidogo: zinakupa jibu bila kukwambia zimedhania nini pale ulipoacha kisanduku wazi. Jedwali la kawaida linatosha, au daftari. Safuwima zangu ni jina, baba, mama, E, A, Z (jeni tatu za rangi: E huruhusu rangi nyeusi, A huibakiza kwenye singa, mkia na miguu, Z ni silva ya hatua ya 5), JEB, PSSM1 (magonjwa ya hatua ya 4), alama za umbo, na moja ya "nilichokiona", ambayo naijaza kabla sijapima. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifumbua macho baadaye, usiiache.

Usichokipima andika alama ya kuuliza. Usiandike unachokisia.

Hatua ya 3: Nunua

Dume mmoja, majike wanne. Angalia vipimo kwanza, picha baadaye. Muuzaji asiyeonyesha vipimo mpite.

Hatua ya 4: Pima afya kabla ya rangi

Kuna vipimo viwili ambavyo kwa farasi wa mizigo havikwepeki.

JEB ni ugonjwa wa ngozi unaojulikana kwa Breton na Comtois. Jeni yake hujificha: mwenye nakala moja ni mzima kabisa na anaweza kushinda mashindano yote, lakini wenye nakala moja wakipandishwa wao kwa wao, mtoto mmoja kati ya wanne kwa wastani huzaliwa na mbili. Katika maisha halisi ngozi ya mtoto huyo hutoka malengelenge, kwato hubanduka, na hadumu. Mchezoni anatoweka siku ya kuzaliwa na gharama yako imeondoka naye. Kanuni ni fupi: mwenye nakala moja apandishwe na asiye nayo kabisa. Si lazima umtupe.

PSSM1 ni ya misuli. Mwili hulimbikiza sukari ya akiba kwenye misuli kupita kiasi, farasi akikazwa kazi anakakamaa. Hii haijifichi kama JEB, nakala moja inatosha kuleta taabu. Wapya wakishasikia hivyo huuza kila aliyeonekana nayo, na hapo ndipo wanapojiumiza, kwa sababu farasi wazito wengi wanayo. Ukiwafukuza wote siku moja utabaki na farasi wawili, tena ndugu. Mwenye nakala moja mpandishe na asiye nayo. Nusu ya watoto kwa wastani watatoka safi. Baki na hao. Baada ya vizazi vitatu hivi banda langu lilikuwa limesafika bila kupoteza umbo zuri nililolilipia.

Hatua ya 5: Silva, yaani ule mkia mweupe

Hapa tukae kidogo.

Comtois wa kwenye picha unamjua: mwili wa rangi ya shaba au kahawia iliyoiva, singa na mkia kama pamba. Ukimtazama unasema huyu ni farasi mwekundu mwenye singa nyeupe. Nilisema hivyo. Nikanunua dume wa namna hiyo kwa karibu akiba yangu yote, nikampandisha na jike mwekundu, nikijua kwamba wekundu wawili siku zote huzaa mwekundu. Hilo lenyewe ni kweli: wekundu huhitaji nakala mbili za e ndogo, na wazazi wenye e/e wote wawili hawana kingine cha kumpa mtoto. Mtoto akatoka wa kahawia, singa nyeusi tii, mkia mweusi, miguu myeusi. Nikawaandikia wasimamizi wa mchezo barua ndefu ya hasira. Wakanijibu kwa upole kwamba kila kitu kiko sawa. Sikuwaamini, nikaendelea kupandisha.

Ukweli ni kwamba Comtois wengi wa rangi hiyo si wekundu. Ni farasi wa kahawia, wale ambao kwa kawaida wangekuwa na singa nyeusi, wenye jeni ya silva juu yake. Silva hupausha rangi nyeusi tu, nyekundu haiigusi. Mwili wa farasi wa kahawia una nyekundu nyingi, kwa hiyo haubadiliki sana. Singa na mkia ni vyeusi, kwa hiyo vinageuka vyeupe. Ukimtazama kwa mbali, mwekundu mwenye singa nyeupe. Dume wangu alikuwa E/e, Z/z. Alimpa yule mtoto E kubwa na z ndogo, akatoka wa kahawia wa kawaida.

Kabla hujalipia kipimo, mkuze farasi kwenye skrini na utazame miguu, chini ya goti. Mwekundu halisi ana miguu ya rangi ya mwili au iliyofifia kuliko mwili. Mwenye silva chini ya goti ana kivuli, kama kahawa iliyomwagiwa majivu, kwa sababu pale pangekuwa peusi. Baada ya wiki tatu nilirudi kwenye ile safuwima ya "nilichokiona", nikakuta siku ya kwanza kabisa niliandika mwenyewe: "miguu michafu?" Nilidhani mchoraji amekosea.

Ila usitegemee miguu peke yake. Wapo Comtois wekundu halisi wenye singa nyeupe, na hao wanaupata weupe kwa njia nyingine isiyohusiana na silva. Soksi nyeupe nazo zinaweza kufunika mahali penyewe. Miguu inakwambia umpime nani kwanza, kipimo ndicho kinachosema.

Sasa twende kwa mpwa wangu. Farasi wake wawili, baba na mama wa yule "tofali", wana silva kweli, wote E/e, wote Z/z, na kwenye A wote ni A/A, kwa hiyo weusi hautokei. Chukua watoto kumi na sita kwa wastani:

Sita ndio unaowataka, kahawia wenye silva ya nakala moja. Watatu ni kahawia wa kawaida. Watatu wana silva ya nakala mbili. Wanne ni wekundu, na kati ya hao wekundu mmoja tu hana silva. Wawili wana nakala moja, mmoja ana mbili.

Soma tena hiyo ya wekundu. Silva haigusi nyekundu, kwa hiyo farasi mwekundu anaweza kuibeba asionyeshe chochote. Yule "tofali" wa mpwa wangu ana nafasi tatu kati ya nne za kuwa na silva mwilini. Alikuwa amekwisha mtangaza sokoni "hana silva". Nilimwambia aondoe tangazo usiku uleule, apime, ndipo auze.

Kwa nini tuhangaike na nani ana moja na nani ana mbili? Macho. Silva huenda pamoja na kasoro za macho za kuzaliwa. Mwenye nakala moja mara nyingi ana vifuko vidogo vya majimaji ndani ya jicho, na anaona vizuri tu. Mwenye mbili huathirika zaidi, mboni haifunguki inavyopaswa na uoni wake una shida. Mchezo wetu humkata alama za afya, na kwa haki. Kwa hiyo kupandisha silva kwa silva kunakupa sita unaowataka, na wanne kati ya kumi na sita wenye shida.

Njia yangu ni hii, na sijaona inayoishinda: dume mwenye silva ya nakala moja, majike wa kahawia wa kawaida walio E/E, A/A, z/z. Wenye singa nyeusi, ndiyo, wale ambao hakuna anayewataka sokoni. Kati ya watoto kumi na sita, wanane kahawia wenye silva, wanane kahawia wa kawaida. Hakuna mwekundu, hakuna mwenye nakala mbili. Nusu nzima, badala ya sita kwa kumi na sita, na majike wenyewe unawapata kwa bei ya chini kwa kuwa watu hununua picha.

Angalizo mawili. Jike akiwa E/e badala ya E/E na dume naye ni E/e, wekundu watarudi. Na ukikuta a ndogo kwa wazazi wote, anaweza kuzuka mweusi mwenye silva, rangi ya chokoleti na singa nyeupe. Mzuri ajabu, nakiri, lakini majaji wa mchezo wetu humpunguzia alama za aina, kwa hiyo simfuati.

Hatua ya 6: Pandisha na usubiri

Mimba ya farasi ni miezi kumi na moja hivi. Mchezo wako una saa yake. Usilipie kuharakisha.

Hatua ya 7: Chuja

Hapa watu hulegea kwa sababu mtoto ni mzuri. Mimi naangalia umbo kwanza: mgongo, bega, miguu ya nyuma. Rangi naiangalia ya mwisho, baada ya yote niliyoyaandika hapo juu. Mtoto asiyemzidi mzazi wake hata kwa kitu kimoja simbakizi. Madume wa ziada nawahasi mapema, maana dume wa wastani akibaki sokoni utamkuta kwenye ukoo wa kila farasi unayetaka kumnunua mwaka ujao.

Angalia na udugu. Ukipandisha ndugu wa baba mmoja, kipimo cha udugu kwa mtoto ni 12.5%, binamu wa kwanza, 6.25%. Mimi sivuki hiyo ya pili. Kwa Percheron ni vigumu zaidi kuliko unavyodhani: hata katika maisha halisi, Percheron wa leo wote ukoo wao unarudi kwa dume mmoja, Jean-le-Blanc, aliyezaliwa 1823.

Na kwa kuwa utaniuliza: ukihamia Percheron, kitabu cha ukoo cha Ufaransa kinapokea kijivu na weusi tu. Mtoto wa kijivu huzaliwa na rangi ya giza na kupauka kadiri anavyokua, kwa hiyo usimuuze kama "mweusi" kwa picha ya utotoni. Ukitaka weusi, pima E na A za hao wa kijivu kwanza. Chini ya shuka anaweza kuwamo wa kahawia.

Hatua ya 8: Majina

Si lazima, ila mimi nafuata utaratibu wa Kifaransa, ambapo kila mwaka una herufi yake: 2023 ilikuwa N, 2024 O, 2025 P. W, X, Y na Z hurukwa. Faida yake ni kwamba ukiona jina unajua umri bila kufungua ukurasa.

Mpwa wangu alinunua majike wawili wa singa nyeusi, akapandisha dume wake yuleyule. Wa kwanza alitoka kahawia wa kawaida, akanuna. Wa pili akanitumia picha, safari hii ameikuza mpaka miguuni. Kivuli cha majivu kilikuwepo chini ya goti, na mkia mweupe pe. Ilikuwa zamu ya P, akamwita Pamba.