Viza ya Schengen ukiwa Dar: nilipoingia mkenge, wewe usiingie

Juni nilikataliwa, Novemba nikapewa. Katikati hapo kuna miezi mitano, ada mbili za viza, na bahasha ya kaki iliyonona kama mkoba wa karani wa mahakama. Karatasi iliyoniangusha ilikuwa moja tu, na hiyo ndiyo nitakayokaa nayo sana. Nyingine nitazipita mbio, maana fomu kila mtu anajua kujaza. Nchi niliyoomba siitaji. Nataka kurudi.

Uombe wapi

Viza ya Schengen ukiipata inakufungulia nchi 29 za Ulaya kwa mpigo. Bulgaria na Romania ziliingia kikamilifu tarehe 1 Januari 2025. Uswisi na Norwei zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo, na hili la Uingereza nitalirudia huko chini maana limeshaliza watu.

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingilia. Mjini watakwambia, "Nenda kwa hawa, wanatoa kirahisi, ukishafika utajua mwenyewe pa kwenda." Rafiki yangu aliwasikiliza. Akabuku hoteli siku tatu nchi ya "kirahisi", kisha kwenye faili hilohilo akaweka barua ya shemeji yake anayemkaribisha siku tisa nchi jirani. Dada wa dirishani alizihesabu zile siku kwa kidole, mbele yake, pole pole.

Ujue pia kwamba si kila nchi ina ubalozi Dar. Austria kwa mfano, ubalozi wake wa eneo hili uko Nairobi. Ulizia mapema nani anapokea faili lako na nani analiamua, kisha ongeza siku za pasipoti kusafiri bila wewe.

Miadi na muda

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi hutoka ndani ya siku 15 za kalenda, ila wana ruhusa ya kuvuta hadi 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Watu wanazipiga hesabu hizo 15 wakasahau kwamba zinaanza siku faili linapopokelewa. Zile wiki unazokaa ukitazama kalenda ya miadi ikiwa kijivu tupu hazimo. Anayetaka kwenda Julai aanze kuhangaika na miadi Machi.

Kuna vijana wanauza miadi. Mmoja wa steshenari alinitajia elfu themanini, kwa sura ya mtu anayenifanyia hisani. Nilikuja kuipata mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, kwa bando la usiku, bila kumlipa mtu. Miadi ya kawaida haiuzwi. Ukiinunua, umenunua kitu ambacho hata risiti hawezi kukuandikia.

Yale ya haraka

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka Ulaya. Picha ni milimita 35 kwa 45, nyuma kuwe na rangi nyeupe au iliyofifia sana. Mwambie mpiga picha kabla hajabonyeza, kwa sababu mkono wake umeshazoea kushusha shuka la buluu. Mimi nilipiga mara mbili.

Jina lifanane kila mahali. Kama pasipoti inasema Mwanahamisi, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwana Hamisi na leseni ya duka inasema M. Hamisi, pitia kwa wakili uchukue hati ya kiapo mapema. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwao hao ni watu watatu na mmoja wao anaficha kitu.

Tiketi usilipe. Wanataka kuona buking ya ndege ya kwenda na kurudi, na balozi nyingi zenyewe hushauri usinunue kabla ya jibu.

Bima ya safari ndiyo mtego mdogo kabla ya ule mkubwa. Inatakiwa ilipie angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen, siku zote za safari, na itaje matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti. Wakala aliniuzia karatasi nzuri yenye nembo ya dhahabu, na ndani yake imeandikwa dola 30,000. Dola, sio euro. Dirishani walizungushia kalamu nyekundu kabla sijaketi vizuri. Soma sarafu, soma tarehe, ndipo ulipe.

Kama kuna ndugu anakukaribisha, barua yake ya "karibu dada, chumba kipo" haitoshi nchi nyingi. Ujerumani mwenyeji anakwenda ofisi ya wageni kusaini Verpflichtungserklärung, yaani anakubali kubeba gharama zako. Ufaransa anaomba attestation d'accueil, yaani hati ya kumpokea mgeni, kwenye ofisi ya manispaa yake. Hizo wanazihangaikia wao kule, na zina foleni zake, kwa hiyo mwamshe ndugu yako mapema hata kama anasema usijali. Hasa akisema usijali.

Hela

Walioajiriwa, hapa mna nafuu: barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe za likizo, hati za mshahara za miezi mitatu, na taarifa ya akaunti inayoonyesha mshahara huohuo ukiingia. Yakilingana, nendeni mkanywe chai.

Mimi nina duka la vitenge Kariakoo. Hela ya duka haikai benki. Inakaa kwenye simu, kwenye droo, kwa anayeniletea mzigo, na kwenye mchezo wetu, yaani upatu, wa akina mama kumi na wawili. Nakula, nasomesha, ila ukichukua stetimenti yangu ya benki ya ile miezi sita ungedhani mwenye akaunti ameshafariki: laki nne, laki tatu na nusu, laki nne tena. Nikajisemea, wanataka kuona hela, basi wataiona. Zamu yangu ya mchezo iliangukia wiki mbili kabla ya miadi. Milioni 6 nikazipeleka benki kwa mkupuo, kaka akanisukumia milioni 2 juu yake. Salio likapendeza. Nilipoletewa ile stetimenti niliitazama nikajiona tajiri.

Afisa wa viza anaanza kusoma juu. Aliona miezi mitano na nusu ya ukame, kisha mvua ya siku moja. Kwao hiyo ina maana moja: hela ya kuazima, itarudi kwa mwenyewe viza ikishatoka. Na kwa zile milioni 2 za kaka, tuseme ukweli, hawakukosea.

Jibu la kukataliwa ni fomu ya visanduku, ileile kwa nchi zote. Yangu ilitiwa tiki mbili: maelezo ya madhumuni na mazingira ya safari hayaaminiki, na kuna shaka kama nitaondoka kabla ya viza kuisha. Hakuna mahali palipoandikwa "milioni 8". Hiyo unajitafsiria mwenyewe, usiku, umelala chali. Rufaa ipo, na fomu inaeleza upeleke wapi na ndani ya siku ngapi. Mimi sikukata rufaa kwa sababu kosa lilikuwa langu kweli. Kuomba upya unaweza hata kesho yake, lakini faili lilelile litaleta jibu lilelile, na maombi yako ya kwanza yanabaki kwenye mfumo wao wa pamoja hadi miaka 5. Kuhamia ubalozi mwingine ukidhani hawakujui ni kujidanganya.

Na ukitaka kucheka kwa uchungu, milioni 8 hata hazikuhitajika. Ufaransa, kwa mfano, viwango vyake vinajulikana: euro 120 kwa siku kama huna buking ya hoteli, 65 kama unayo, 32.50 kama una mwenyeji mwenye ile karatasi ya manispaa. Siku 14 kwa mwenyeji ni euro 455. Hata kwa kiwango cha juu kabisa ni 1,680. Nilijaza akaunti kuliko walivyotaka, na kujaza huko ndiko kulikoniponza.

Mara ya pili nilifanya hivi. Kuanzia Julai, kila Jumamosi jioni nilihamisha mauzo kutoka simu kwenda benki. Makato yanauma, nakubali, ila ni makato ya kununua historia. Nikaenda duka la mtandao wa simu nikachukua taarifa ya miamala ya miezi sita, yenye muhuri, kwa sababu huko ndiko biashara yangu inakoonekana. Leseni ya biashara, TIN, cheti cha TRA cha kutodaiwa kodi, mkataba wa pango la duka. Mkataba ulikuwa wa Kiswahili, nikautafsirisha kwa Kiingereza.

Zamu ya mchezo safari hii sikuificha wala kuipamba. Nilitoa nakala ya kurasa mbili za daftari letu, lile la mistari lenye doa la mafuta ya taa, zinazoonyesha nani alichukua mwezi gani. Mama mwenyekiti akaandika barua na kusaini. Alisita kidogo: "Wazungu na mchezo wetu wapi na wapi, mwanangu?" Kisha nikaandika barua yangu ya kujieleza, ukurasa mmoja. Hela hii imetoka hapa tarehe hii. Duka anabaki nalo mdogo wangu, huyu hapa kwenye leseni. Watoto wanafungua shule Januari. Ratiba ni hii, narudi tarehe hii. Kila sentensi ilikuwa na karatasi yake nyuma, na kila karatasi ilikuwa na sentensi yake mbele.

Stetimenti ya benki ichukue tawini, igongwe muhuri kila ukurasa. Ile ya kwenye programu ya simu waliikataa dirishani. Yangu ilikuwa kurasa 41, na benki wanatoza kwa ukurasa. Kijana wa kaunta aligonga 40, ule mmoja ukashikana na mwenzake, na mimi nikarudi tena mjini kwa ajili ya muhuri mmoja. Hesabu kabla hujaondoka kaunta, hata wakikunja uso.

Siku yenyewe

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, tangu Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 ni euro 45, chini ya 6 bure. Unalipa kwa shilingi kwa kiwango chao, na hairudi ukikataliwa. Ukipitia kituo cha kupokea maombi kuna ada yao ya huduma juu yake, kwa kawaida isiyozidi nusu ya ada ya viza. Kisha utaulizwa kama unataka ujumbe wa simu, kupelekewa pasipoti nyumbani, na chumba cha kupumzikia chenye kahawa. Unaulizwa kwa sauti ileile ya "weka kidole hapa", kwa hiyo ni rahisi kuitikia ndiyo. Vyote hivyo ni hiari.

Alama za vidole zinatunzwa miezi 59, kwa hiyo anayeomba tena ndani ya muda huo kwa kawaida hachukuliwi upya. Anayepokea karatasi zako haamui chochote. Usimbembeleze, na usiogope akiguna. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi, mambo yanayolingana na barua yako.

Ikitoka

Isome hapohapo dirishani. Tarehe za kuanza na kuisha ni kitu kimoja, idadi ya siku za kukaa ni kitu kingine. Unaweza kupewa mwezi mzima wa uhai wa viza na siku 14 tu za kukaa ndani yake. Hata walio na viza ndefu hawaruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya kila siku 180. Pakiandikwa 01, unaingia mara moja tu. Ukivuka kwenda London kumsalimia binamu, hata kama viza ya Uingereza unayo, umeshatoka Schengen na kurudi Paris kupanda ndege yako hakupo. Anayepanga hivyo aombe viza ya kuingia mara nyingi na aeleze sababu tangu mwanzo.

Nakala zote beba kwenye mkoba wa mkononi, maana afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza upya na viza peke yake haimlazimishi kukupitisha. Tarehe 12 Oktoba 2025 walianza kwa awamu mfumo mpya wa kusajili wageni kwa uso na vidole badala ya mihuri. Mimi nilifika Desemba: nikapigwa picha, nikaweka vidole, na bado wakagonga muhuri.

Nyama na vitu vya maziwa usibebe kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, hata sambusa za bibi. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, wakavu wamo. Matunda mabichi wanakataa bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Hilo sikulijua. Dagaa wangu wa Mwanza, kilo tatu zilizonuka hadi kwenye koti, walipita bila neno. Embe dodo sita nilizomfungia dada yangu moja moja kwenye gazeti zikabaki pale mezani kwa forodha, na yule afisa akaniuliza kama nataka kurudishiwa gazeti.