Somo: Leseni ya redio ya ridhaa (ya kuongea hewani kwa kujifunza, si kwa biashara), na saa za daftari zinazowachanganya wengi

Wakuu, swali la "nikinunua redio naruhusiwa kuongea?" limejirudia mno humu. Jibu lote hili hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

1. Jua kazi yake. Kanuni za kimataifa zinaitambua huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya kiufundi, bila maslahi ya fedha. Hutangazi bidhaa, huongozi magari ya kampuni, hufichi maana kwa msimbo. Kupeleka ujumbe nje ya nchi kwa niaba ya mtu mwingine ni kwa dharura au maafa tu.

2. Soma umeme, antena na mipaka ya masafa. Tahadhari: Tanzania iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Bendi (kipande cha masafa) ya mita 40 kwetu inaishia 7.200 MHz, na ya mita 2 ni 144 hadi 146. Chati za Marekani zinafika 7.300 na 148. Usizifuate.

3. Omba leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Ofisi ya Kanda ya Kati ipo hapahapa Dodoma. Orodha ya nyaraka na ada ya sasa ichukue kwao.

4. Redio ya kurushia inunuliwe baada ya hapo, na iwe imeidhinishwa.

5. Taja alama yako ya wito, yaani jina la kituo chako hewani (za Tanzania huanza na 5H au 5I) mwanzoni, mwishoni, na kila baada ya muda mfupi. Wengi hutumia dakika 10.

6. Daftari, yaani kumbukumbu ya kila mawasiliano. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Dunia nzima ya wanaredio huandika muda wa UTC, yaani muda wa pamoja wa dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Mtu anaongea na Ujerumani saa 2 usiku, anaandika 02:00, au anapunguza 3 kwenye ile 2. Muda sahihi ni 17:00. Mwenzake akituma kadi ya uthibitisho, madaftari hayakubaliani na mawasiliano hayahesabiki. Njia rahisi: saa ya Kiswahili ya mchana ongeza 3, ya usiku ongeza 15, ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa 4 asubuhi ni 07:00. Saa 11 alfajiri ni 26, yaani 02:00. Na tarehe je? Siku ya UTC kwetu inaanza saa 9 usiku. Ukiongea saa 7 usiku kuamkia tarehe 12, andika 22:00, tarehe 11. Kosa la tarehe ni baya kuliko la dakika, maana anayetafuta jina lako kwenye ukurasa wa siku ile halioni kabisa.

MASWALI

Mdau_Kibaigwa: Mkuu, nina redio mbili za mkononi, nataka za kuwasiliana na madereva wangu wa mahindi. Leseni hii inafaa?

Mwandishi: Haifai. Soma namba 1.

Mdau_Kibaigwa: Lakini siuzi kitu hewani.

Mwandishi: Madereva wako wako kazini, na kazi hiyo inakuingizia fedha. Omba leseni ya redio za biashara, ipo.

Binti_Kongwa: Mwalimu, shikamoo. Saa 12 asubuhi nikiongeza 3 napata 15:00, na saa 12 jioni kwa 15 napata 27. Nakosea wapi?

Mwandishi: Marahaba. Hujakosea wewe, ni mimi niliyeacha pengo. Saa 12 ihesabu kama sifuri: asubuhi inakuwa 03:00, jioni 15:00. Vilevile saa 12 na dakika 20 asubuhi ni 03:20. Asante kwa kuikagua.

Binti_Kongwa: Nikiwa bado nasubiri leseni, nisikilize nini?

Mwandishi: Anza na kituo cha anga cha kimataifa, 145.800 MHz kwa FM. Kikipita juu kinasikika kwa dakika chache, kama 10 hivi kikipita karibu na utosi. Kikija kwako masafa hupanda kidogo, kama kHz 3, na kikiondoka hushuka vilevile. Redio yenye hatua za kHz 5 bado itakikamata. Jioni geukia 7 MHz. Waya wa mita 20 na sentimita 14, uliokatwa katikati na kuunganishwa hapo na kebo ya redio, unatosha kuwa antena. Kata kila upande mrefu zaidi kwa sentimita 20, kisha punguza polepole. Waya ukishakuwa mfupi haurefuki.

Mpwapwa_Fundi: Nyongeza: zima taa za LED na chaja ya sola kwanza. Nusu ya kelele inatoka humo ndani ya nyumba.