Kabla ya kumnunulia mtoto fidla Lubumbashi

Mwalimu atafutwe kwanza, chombo baadaye. Wazazi wengi hapa hufanya kinyume: mjomba anarudi safari na fidla ya mtu mzima, na mtoto ana miaka sita. Saizi zipo, kuanzia 1/16 hadi 4/4. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto chini ya fidla iliyo begani. Kiganja kikishika kichwa cha fidla huku kiwiko kimelegea kidogo, inamfaa. Atabadilisha mara kadhaa, kwa hiyo usimalize akiba kwa ile ya kwanza.

Huyo mwalimu mwombe apige mbele yako, kisha tazama wanafunzi wake wanavyoshika upinde. Kidole gumba kiwe kimepinda, bega lisipande. Mpiga gitaa wa kanisani atamfundisha solfeji, yaani kusoma na kuimba noti, vizuri tu, lakini upinde amwachie mwalimu wa fidla.

Sasa kipwa, yaani kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi hukauka na mbao hunywea. Asubuhi unakuta vigingi vya kukazia nyuzi vimelegea, nyuzi zote nne zimeshuka sauti, pengine na ufa ubavuni. Kikalio cha nyuzi hakigundishwi kwa gundi, kinasimama kwa mkazo wa nyuzi zenyewe, na kile kijiti cha ndani pia kimebanwa tu kati ya mbao mbili. Ndiyo maana nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja kijiti kinaweza kuanguka, na kukirudisha kunahitaji fundi mwenye chombo chake maalumu. Chukua kijaluba cha sabuni chenye matundu, weka sponji iliyokamuliwa vizuri, ikae ndani ya kasha bila kugusa mbao. Kasha lisikae karibu na mbabula, jiko la makaa. Weka akiba ya uzi wa mi, ule mwembamba kuliko zote, maana ndio hukatika kwanza, na kolofani, utomvu mgumu wa kupaka upinde.

Kijana akitaka iwe kazi, ajue kusoma noti asizowahi kuziona na kupiga ndani ya kundi. Kinshasa ipo Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, lakini huko ni safari ya ndege. Orkesta za nje mara nyingi huomba koncherto ya Mozart, yaani muziki wa mpigaji mmoja akisindikizwa na orkesta, kwenye mtihani wa kuingia, na raundi ya kwanza mara nyingi hupigwa nyuma ya pazia ili waamuzi wasimwone mpigaji. Vyuo vingi vya muziki huomba video kwanza, na vingi havikubali iliyokatwakatwa: chagua chumba kisicho na mwangwi mkali, na saa ambayo jenereta ya jirani imezimwa.