Pima jambo la ajabu kabla hujalisimulia

Napenda sana mambo ya ajabu, na kwa sababu hiyo sikubali kulisimulia lolote kabla sijalihoji.

Anza na swali hili: linatokeaje? Umesikia pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua, wa tatu huisambaza mwilini. Damu ni ya buluu kwa kuwa hubeba oksijeni kwa madini ya shaba, si chuma kama yetu. Tena ule moyo wa tatu husimama pweza anapoogelea, ndiyo maana hupendelea kutambaa. Jambo la kweli ukilichimba huzidi kunoga.

Likihusu kipimo, uliza kilipimwa kwa vizio gani. Napoleon, mtawala wa zamani wa Ufaransa, aliandikiwa futi 5 na inchi 2, watu wakamwita mbilikimo. Lakini hizo zilikuwa inchi za Kifaransa, ndefu kuliko za Kiingereza. Kimo chake kilikaribia sentimita 168, cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa enzi zake.

Hadithi ya uongo nayo usiitupe upesi. Tafuta watu waliona nini. Mbuni hafichi kichwa mchangani. Huinamia shimo la mayai yake ili ayageuze kwa mdomo, na akihisi hatari hulala akinyoosha shingo chini. Kwa mbali, kichwa hakionekani.

Kwenye tiba uwe mkali zaidi, maana mtu anaweza kuumia kwa kukuamini. Uliza: walilinganisha na nini? Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, akawapa wote chakula cha aina moja, kisha akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wote. Mmoja alirudi kazini baada ya siku 6. Kisha uliza lililofuata, kwani hapo ndipo mimi hushtuka: jeshi la majini liliagiza maji ya limau yagawiwe melini mwaka 1795. Lind alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla.

Unapokisimulia kisa hiki, usikimbilie machungwa. Taja kwanza siki, maji ya bahari na asidi ya salfa iliyozimuliwa, ambazo nazo zilijaribiwa kama dawa, umwache msikilizaji akisie mwenyewe.