Kabla hujamnunulia karanga au korosho mtoto mwenye fangasi

Mtoto akishaambiwa ana fangasi, kila mtu mtaani anakuwa daktari. Acha sukari. Acha mkate. Acha chochote kilichochachuka. Unarudi nyumbani, saa nne asubuhi mtoto anadai kitu cha kutafuna, biskuti hakuna, andazi hakuna, na hapo ndipo mtu anakwambia mpe karanga. Wa pili anamkatiza: karanga zenyewe zina fangasi, mpe korosho. Wa tatu anasema korosho zina wanga mwingi, tafuta lozi. Niliyapitia haya na mwanangu wa pili akiwa na miaka sita, alipopata utando mweupe mdomoni baada ya kumeza antibayotiki mfululizo kwa ajili ya sikio. Nilikosea mambo kadhaa, na moja lilimuumiza. Soma kabla hujachukua kikapu.

Anza na dawa. Huyu fangasi wa mdomoni, kandida, hutibiwa hospitali, mara nyingi kwa matone ya nistatini, na dozi imalizwe kama ulivyoelekezwa hata kama utando umeshatoka. Hakuna karanga wala korosho inayoua kandida. Mlo huu wa kuacha sukari na mkate, peke yake, haujathibitishwa kwamba unamponya mtu. Kupunguza sukari hakumdhuru mtoto, na meno yake yatanufaika, lakini usifike mahali pa kumnyima hata ugali na matunda. Na kama utando unarudi kila mara kwa mtoto aliyekwisha kuacha ziwa, usihangaike na orodha za vyakula. Mrudishe kwa daktari, aangaliwe kinga ya mwili, apimwe kisukari na VVU.

Umri. Chini ya miaka mitano, karanga nzima hapana, korosho nzima hapana. Saga mpaka ziwe laini kabisa, changanya kwenye uji. Kipande cha karanga kikiingia njia ya hewa, mtoto anaweza kukohoa wiki nzima akitibiwa nimonia, kumbe kipande kimekaa humo. Hata huyo mkubwa ale amekaa chini, asile akikimbia.

Mzio. Mara ya kwanza mpe kidogo sana, aina moja tu, asubuhi, siku ambayo upo nyumbani. Usimpe usiku mkaenda kulala. Akitoka vipele mwilini, akivimba midomo, akitapika au akaanza kupumua kwa shida, hiyo ni safari ya hospitali papo hapo. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mwenye mzio wa mayai, muulize daktari kabla.

Sukari iliyojificha. Kashata ni sukari. Karanga za mayai zimevikwa unga na sukari. Korosho za asali, vivyo hivyo. Siagi ya karanga ya kopo, soma karatasi yake. Ya mashineni, muulize msagaji anaongeza nini, kwa sababu wengi huweka sukari, chumvi na mafuta bila kuambiwa, na pengine mteja aliyekutangulia alisagiwa na sukari. Mimi nilirudi kwenye kinu changu.

Karanga sasa, maana hizi ndizo zinazoogopwa kwa sababu isiyo yenyewe. Watu husema karanga zitamwongezea mtoto fangasi. Ukungu unaoota kwenye karanga ni wa jamii nyingine kabisa, hauji kuwa kandida mdomoni mwa mtoto. Ubaya wake ni mwingine, na ni mkubwa zaidi: unatoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga huipata kwa njia ile ile: zikivunwa zikakaushwa vibaya, zikirundikwa kwenye gunia lenye unyevu. Kukaanga hakuiondoi yote. Kusaga kunaificha, ndiyo maana karanga mbovu huishia kwenye unga na siagi. Kwa hiyo nunua zisizosagwa, mwaga kwenye ungo penye mwanga, chambua moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au la njano, iliyotobolewa na mdudu, tupa, usimpe hata kuku. Na mtoto akisema hii chungu, mwache ateme. Usimwambie meza.

Sasa korosho. Hapa nakuomba utulie.

Mama mmoja niliyemwamini aliniambia mtoto wa mlo huu apewe korosho mbichi, zisizokaangwa, zilizolowekwa usiku kucha. Faida yote iko kwenye ubichi, alisema. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho kusini umekolea, na wifi yangu wa Newala akanipakilia kwenye basi mfuko wa kilo tano za korosho ghafi, na maganda yake ya kijivu kama zilivyookotwa chini ya mkorosho. Nikamshukuru Mungu. Mbichi kuliko hizi ningezipata wapi?

Nikakaa kibarazani na jiwe na kisu, nikapasua moja moja, nikachokoa kiini kwa ncha. Ganda la korosho ukilikata lina tabaka katikati lenye vitundu kama sega la nyuki, na humo mna mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Niliyaona. Yalinirukia vidoleni, nikajifuta kwa khanga, nikaendelea. Nikapata bakuli moja, nikaloweka, asubuhi nikamwaga maji, mtoto akala kiganja kizima kabla ya shule.

Jioni midomo ilikuwa imevimba. Kesho yake pembe za mdomo zilitoka malengelenge madogo ya maji, yakashuka mpaka kidevuni, na ndani ya shavu kukawa na mabaka meupe. Nikasema fangasi amerudi. Nikamdondoshea nistatini iliyobaki kwenye chupa. Nikamkataza hata ndizi. Na kwa sababu korosho ndicho chakula nilichoamini ni salama, nikampa nyingine. Alizitafuna huku machozi yanamtoka. Nikamwambia, “Vumilia baba, ndiyo dawa yenyewe.” Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Zahanatini tabibu alimmulika mdomo kwa tochi ya simu, akakwangua baka moja taratibu kwa kijiti. Halafu akamwacha mtoto, akanitazama mimi mikononi.

“Mama, hebu nione vidole.”

Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vyeusi nchani kama nimevichovya kwenye lami, na pembeni ngozi inabambuka. Nilikuwa nadhani ni madoa tu.

“Umebangua korosho?” Yeye mwenyewe ni mtu wa Tandahimba. Hakuhitaji nimweleze zaidi.

Mafuta yale ya ganda yanababua ngozi. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, na kila aliyewahi kung’ata embe bichi kwenye kikonyo anajua utomvu unavyomfanya midomo. Ya korosho ni makali kupita hayo. Kusini kina mama wanaobangua nyumbani hukaanga korosho na maganda yake kwenye karai nje ya nyumba mpaka mafuta yashike moto, wazimwage kwenye mchanga au majivu yanyonye yaliyobaki, wapake majivu mikononi, ndipo wapasue. Viwandani huzipika kwanza kwa mvuke. Kwa hiyo hata zile zinazouzwa dukani kwa jina la korosho mbichi zimeshapita kwenye moto. Ubichi wake ni wa jina. Na kuloweka hakukunisaidia chochote, kwa sababu maji hayaondoi mafuta. Korosho chache nilizozichafua kwa vidole na kisu zilichafua bakuli zima.

Jifunze na kutofautisha, maana mimi sikujua. Utando wa kandida unafanana na maziwa yaliyoganda, unakaa kwenye ulimi na ndani ya mashavu, na ukiukwangua unaacha pekundu. Malengelenge ya maji nje ya midomo na kidevuni, yaliyokuja ghafla baada ya kula kitu, tafuta kitu hicho. Mwanangu alipona baada ya siku kumi hivi, kwa uji wa uwele wa vuguvugu na dawa ya maumivu. Ila korosho hataki hata kuziona.

Basi nunua zilizobanguliwa tayari, kavu, nyeupe. Yenye doa la kahawia linalonata, tupa. Ukiletewa zenye maganda kutoka kijijini, zipeleke kwa anayejua kubangua, au zirudishe, wala usione haya. Maganda usiyatie kwenye jiko la ndani, moshi wake nao unawasha macho na kifua. Na kuhusu wanga: ni kweli korosho zina wanga karibu gramu 30 katika kila gramu 100, kuzidi karanga na lozi, lakini mtoto anakula kiganja, hali gunia. Punje kumi hazimrudishii fangasi.

Ukiloweka zozote, kwa joto la Dar es Salaam usiziache bakulini mchana kutwa. Zikitoa harufu ya uchachu au zikianza kuteleza, mwaga. Zilizolowekwa zikaushe vizuri au ziliwe siku hiyo hiyo. Niliwahi kukuta ukungu kwenye lozi nilizozifunika kwa sahani siku mbili, nami nilikuwa naziloweka ili kuukimbia ukungu.

Lozi ni nzuri, bei yake tu. Zilizo chungu usimpe, lozi chungu zina sumu. Makadamia kutoka Kenya zina mafuta mengi na wanga kidogo, ukizipata mbichi za msimu ni bora, zikishanuka mafuta ya zamani hazifai. Watu wa Kilimanjaro na Usambara wana kweme, mbegu zinazopewa waliojifungua. Menya vizuri, saga. Mbegu za maboga ukizikaanga bila mafuta hazina shida, ni rahisi, na unaziona kwa macho yako zilivyo. Ufuta pia. Njugu mawe ni wanga zaidi kuliko mafuta, hizo zihesabu kama chakula, chemsha mpaka ziive.

Chochote unachonunua, nunua kidogo. Robo kilo, ioneshe jua, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Za kwenye kikaratasi cha gazeti barabarani ni za kwako wewe mkubwa, mtoto huyu asubiri. Mweleze dada wa kazi, mweleze mwalimu, mweleze na bibi yake kwa upole, kwa sababu bibi atampa kashata kwa mapenzi. Kadi ya kliniki usiiache kabatini kwa kuwa mtoto ameshaanza shule. Mpime uzito kila mwezi muda wote mkiwa kwenye mlo huo. Uzito ukishuka, acha mlo, rudi hospitali, nenda na chupa ya dawa na chakula chenyewe anachokula mkononi, waone. Na osha mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto mdomoni, kila mara, hata kama ulikuwa unachambua tu.